Siku Profe Alipokula Kitenzi

Benchi letu lilikuwa la kanisa kabla halijawa letu. Walutheri wa hapa Neuwald waliponunua viti vyenye mito, walilitoa nje linyeshewe na mvua ya Texas, na Hilmar Kneupper akalipakia kwenye pikapu yake, akalileta mbele ya duka la chakula cha mifugo, chini ya mti wa kokwa za pekani. Mgongoni bado lina vile vishimo vya kuwekea vitabu vya nyimbo. Siku hizi tunaweka vikombe vya kahawa. Hilmar tunamwita Kokwa, kwa kuwa vidole vyake havijawahi kupumzika: anabangua pekani huku anabisha, anabisha huku anabangua. Kushoto kwake hukaa Eusebio Treviño, fundi mstaafu wa mabasi ya shule, tunayemwita Profe kwa sababu aliacha shule darasa la sita na tangu hapo hajaacha kufundisha. Kulia hukaa Bi Verna Stribling, aliyesomesha sarufi ya Kiingereza miaka thelathini na mmoja. Huyo ni Mistari, maana sentensi yoyote ukimpa ataichorea mstari: kiima kushoto, kitenzi kulia, maneno mengine yote yananing'inia chini kama soksi kwenye kamba. Mimi hukaa mwisho, karibu na birika, namimina. Na kwa wiki ya sita sasa tulikuwa na mtu wa tano, Wendell Hargrove, mpima ardhi, ambaye hakuwa na jina la kijiweni mpaka alipoanza kuja na daftari. Basi tukamwita Daftari.

Alhamisi ile ya mwisho wa Oktoba alifika amenyoa, amevaa shati lake la kuendea harusi za watu.

— Ni leo, akasema. Hata hajakaa.

— Leo nini? Kokwa akauliza.

— Leo nafungua mdomo. Miaka arobaini na minne ya ndoa imetimia leo. Saa nane mchana naingia chumbani kwake, nasema sentensi moja, nzima, bila kosa.

Hakuna aliyecheka, na si kawaida yetu. Mwanzoni mwa Septemba mkewe, Hulda, alipigwa na kiharusi jikoni. Maneno yalipomrudia, yalirudi ya Kijerumani tu, kile cha utotoni, cha shambani kwa baba yake. Daktari akasema Kiingereza kimemwondoka. Daftari, ambaye kwa Kijerumani hakujua hata kuomba chumvi, akaenda maktaba akaazima kitabu cha sarufi. Tangu siku hiyo, kila saa nane huenda nyumba ya kuuguzia wazee, hukaa kwenye kiti kando ya dirisha, humshika mkewe mkono, na hasemi kitu. Yeye ni mpima ardhi. Hajawahi kupiga kigingi kabla ya kupima mara tatu, na aliamua kwamba hatatamka neno mpaka sarufi yote ikae sawa.

— Haya, isome hiyo sentensi, Mistari akasema. Kwa Kiingereza kwanza, tuone mifupa yake.

Daftari akafungua ukurasa, akakohoa.

— "Nataka ujue kwamba Sherifu anakula vizuri."

Sherifu ni paka wao. Dume, kilo nane, sikio moja.

— Basi? Profe akaruka. Wiki sita zote hizo, bwana wee, unaenda kumwambia mwanamke habari za paka? Mwambie unampenda! Mwambie nyumba imekuwa pana!

— Nilimwomba Kokwa anifundishe hayo.

Tukamgeukia Kokwa. Akainamia pekani zake.

— Siyajui.

— Huyajui? Wewe? Si umezaliwa nacho hicho Kijerumani!

— Nimezaliwa nacho jikoni na zizini, Profe. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani walipochukiwa huku, babu alichoma vitabu vyote nyuma ya banda, akasema lugha hii isitoke nje ya mlango. Basi haikutoka. Mimi naweza kumzalisha ng'ombe kwa Kijerumani, toka uchungu unapoanza mpaka ndama asimame. Lakini kumwambia mwanamke nampenda, hilo sikuwahi kulisikia likisemwa. Baba alikuwa anamwambia mama, "Supu imekolea." Mama anaona haya siku nzima.

— Na sarufi yake je? Mistari akauliza.

— Sarufi siijui. Ninayo tu, kama mtu alivyo na mafua.

— Basi paka atafaa, Mistari akakata shauri. Hulda naye ni wa zizini hukohuko. Tuanze, saa zinakwenda.

Kokwa akafuta vumbi kwenye ubao kati yake na Profe, akapanga pekani zilizokwisha banguliwa, moja kwa kila neno.

— Tazama. Huyu hapa ni wewe, Daftari. Hii ni kutaka. Huyu ni Hulda, yaani yule unayemwambia.

— Subiri, subiri. Huyo wa kuambiwa, kitabu kinasema aitwe hivi. Daftari akasoma neno, kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

Kahawa ikammwagikia Kokwa magotini.

— Hivyo ndivyo anavyosemeshwa meneja wa benki! Kwa Kijerumani kuna "wewe" wa heshima na "wewe" wa nyumbani. Ukimwita Hulda hivyo atadhani umekwenda kumuuzia bima.

— Kitabu kimeanza na wa heshima.

— Kitabu hakijaoa.

— Hata kwetu, kwenye Kihispania, wako wawili, Profe akasema. Mama mkwe wangu nilimwita kwa ule wa heshima miaka ishirini. Siku niliyojisahau nikatumia wa nyumbani, alinipakulia sahani ya maharage bila nyama. Ananitazama tu.

— Kiingereza nacho kilikuwa nao wawili zamani, akasema Mistari. Tumebaki na mmoja.

— Mwingine mlimpeleka wapi, Mwalimu? Profe akauliza.

— Nadhani walimtosa baharini wakati wa kuja huku. Mizigo ilizidi.

— Ndiyo maana kwa Kiingereza unamwita hakimu na mbwa wako kwa neno moja!

— Na wote wawili wanaitika, Mistari akasema.

Nikamimina raundi ya pili. Profe alikuwa ameleta mikate mitamu ya mkewe, ile yenye sukari ya rangi juu, ikazunguka kwenye mfuko wa karatasi. Daftari hakula. Kwenye sentensi yake alikuwa ameshafika kwa Sherifu.

— Kitabu kinasema paka ni wa kike. Paka wote. Mbwa ni wa kiume. Farasi si huyu wala si yule.

— Sherifu ni dume, Profe akasema. Mtaa mzima una paka wenye sura yake.

— Kwenye sarufi ni jike.

— Basi sarufi ikamwangalie kwa nyuma!

— Ndivyo ilivyo, kaka, Kokwa akasema. Usiulize. Kila kitu duniani kina jinsia yake na unaimeza hivyohivyo. Kwenu meza ni nani?

— Meza? Mwanamke.

— Kwa nini?

— Kwa sababu kila mtu anamwegemea na hasemi.

— Kwetu meza ni mwanamume. Anabeba vitu vya watu maisha yake yote, anakufa amesimama.

— Jua je? Mistari akachokoza.

— Mwanamume, alisema Profe.

— Mwanamke! alisema Kokwa, papo hapo. Jua ni mama. Mwezi ndiye baba.

— Nani kasema?

— Bibi yangu.

— Bibi yangu mimi kasema kinyume, na alikuwa na jua kali kuliko lenu.

Hapo likatokea jambo ambalo sijaliona miaka saba niliyokaa kwenye benchi hilo. Vidole vya Kokwa vilisimama.

— Sasa nimeelewa, akasema. Ule mchana jua lilipozimika juu ya mji huu, tukavaa miwani ya karatasi, mnakumbuka? Wataalamu wakasema ni kivuli. Kivuli gani! Hapa sisi nusu Wajerumani, nusu Wameksiko. Jua linapita juu yetu, upande huu linaitwa bibi, upande ule linaitwa bwana. Mwezi naye vilevile. Wamekutana pale katikati, kila mmoja hajui leo yeye nani. Wakasimama dakika nne wanabishana.

— Ndiyo maana kuku wangu walikwenda kulala, Profe akasema. Waliona aibu kusikiliza.

— Aliyewaamua ni Mwingereza, akasema Mistari, naye kashaingia mzima mzima. Akawaambia, "Kwangu nyie wote ni vitu tu. Endeleeni na kazi."

— Jamani, Daftari akasema. Saa nne imepita. Kitenzi bado.

Tukaona haya kidogo. Kokwa akarudi kwenye pekani zake.

— Kitenzi, ndiyo. Hapo penye "kwamba", Mjerumani anakiondoa kitenzi mahali pake, anakipeleka mwisho kabisa. Akaichukua pekani moja kubwa, nzima, isiyo na mkwaruzo, akaihamisha mpaka ukingoni mwa sentensi, kando ya paja la Profe. Kinakaa hapa. Kinasubiri.

Mistari alishika kifua.

— Kitenzi ni uti wa mgongo, Hilmar. Huwezi kuupeleka mkiani.

— Ni sababu ya baridi. Babu zetu huko walikotoka, theluji ikianguka wageni wanakuja mara moja kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka wakae. Basi anaanza habari ya jirani, anamtaja jirani, anataja ng'ombe wake, anataja siku, anataja daraja, kitenzi anakifungia kabatini. Mgeni atakwendaje? Hajui bado kama jirani ameuza, ameoa au amezama.

— Nyie wajanja, Profe akasema. Sisi ni waungwana. Sisi swali tunalipigia alama tangu mwanzo, tena imesimama kichwa chini miguu juu, ujue mapema kwamba unaulizwa. Na hapo kwenye "ujue" tuna umbo lake maalumu, la mambo ambayo bado hayajawa: kutamani, kuomba, kutilia shaka. Darasa la pili nilisimamishwa uso ukutani kwa kumsalimu mwenzangu kwa Kihispania. Nimesimama pale asubuhi nzima, najisemea moyoni vitenzi vya kutamani tu. Shule ianguke. Mwalimu apotee. Kengele ilie.

Mistari aliweka kikombe chini.

— Sikuwa mimi, Eusebio.

— Najua, Mwalimu. Wewe ungenichorea mstari.

Profe akacheka, akamsogezea mfuko wa mikate.

— Isitoshe kitenzi chenyewe umekosea, Kokwa akamwambia Daftari, shingo ndefu juu ya ukurasa. Kwa Kijerumani kula kuko kwa aina mbili. Mtu ana kula yake, mnyama ana kula yake. Wewe umeandika ya mtu. Hapa Sherifu amefunga kitambaa shingoni, anaomba apitishiwe siagi.

Daftari akafuta. Ukurasa ulikuwa umefutwa mara nyingi mpaka mwanga unapita.

— Kwa Kiingereza meya na ng'ombe wanakula kwa neno moja, Mistari akasema.

— Umewahi kumwona meya wetu akila? Profe akauliza.

— Kwa hiyo ni kitenzi cha mnyama, Daftari akasema, penseli juu. Kinakwenda mwisho. Kokwa, nipangie tena yote, niitazame.

— Hii wewe. Hii kutaka. Huyu Hulda, wa nyumbani. Hii ujue, hii kwamba. Huyu Sherifu, Mungu amsamehe. Hii vizuri. Na mwisho kabisa...

Mkono wa Kokwa ukabaki hewani. Ukingoni mwa sentensi palikuwa na ubao mtupu.

Tulimtazama Profe. Profe aliacha kutafuna.

— Amekula kitenzi! Mistari akapiga kelele, kelele ya miaka thelathini na mmoja darasani.

— Mimi nitajuaje? Niliona pekani!

— Ilikuwa "kula"!

— Basi imefanya kazi yake!

— Umekula cha mtu au cha mnyama? nikauliza.

— Kwa jinsi anavyotafuna, Kokwa akasema, cha mnyama.

Tulicheka mpaka benchi la Walutheri likalia. Mtu aliyekuwa anapakia mahindi ya wawindaji, ya kuvutia kulungu, aligeuka kututazama. Ilichukua muda kuona kwamba Daftari hacheki. Alikuwa amefunga ukurasa, penseli amelaza juu yake.

— Siendi, akasema.

— Acha hizo, kaka. Ni utani.

— Kutakuwa na kosa. Tumekaa hapa saa mbili nzima, watu watano na kitabu, na bado lilikuwepo kosa jingine nisilolijua. Litakuwepo na jingine.

— Kosa moja Hulda atakusamehe, Mistari akasema.

— Hamkuwepo siku ile ya kwanza. Daftari alikuwa akizungumza na mikono yake. Nilikuwa nimeinama pale kitandani. Akaniambia kitu, kitu kirefu, ananitazama machoni. Nikamwambia, "Nini, mpenzi?" Akarudia. Nikasema tena, "Nini?" Akalia. Hulda sijamwona akilia tangu tulipomzika mama yake. Ni mimi niliyemliza, kwa Kiingereza changu. Sitaki kumliza tena kwa Kijerumani changu.

Kokwa hakubangua. Birika lilikuwa limeanza kukoroma, kama linavyofanya likibaki na matone ya chini.

Ndipo gari dogo likasimama karibu na pampu ya dizeli, akashuka mwanamke wa miaka thelathini na kitu, sare ya zambarau, viatu vya mpira vya wauguzi.

— Habari za asubuhi, wazee. Mbegu za ndege zinauzwa humu? Za wale wekundu. Tunawawekea dirishani. Halafu akamwona Daftari, uso ukamfunguka. Ah! Bwana Kimya!

— Mnafahamiana? Profe akauliza.

— Mimi ni Marisela, namhudumia mkewe kila siku mpaka jioni. Akasogea, akapunguza sauti, ingawa sote tulikuwa palepale. Bwana, nisamehe, nimetaka kukuuliza siku nyingi. Umemkasirikia Bi Hulda?

— Mimi? Nimkasirikie Hulda?

— Yeye ndivyo anavyofikiri. Kila ukiondoka ananionyesha kile kiti chako, anagusa midomo yake, halafu anafanya hivi. Marisela akainua mabega, akayaacha yaanguke. Hapo mpaka chakula cha jioni hana raha.

— Wewe unajua Kijerumani? Kokwa akauliza, na nilisikia wivu kidogo.

— Hata neno moja. Mimi ni wa San Luis Potosí, Meksiko.

— Sasa mnaongeaje?

— Mimi naongea Kiingereza changu hiki kibovu, yeye ananijibu kwa Kijerumani chake. Nikimwambia geuka, anageuka. Nikimwambia leo kuku tena, anakunja uso. Jana nilimsimulia mume wangu alivyomchoma bata mzinga akawa mkaa, akacheka mpaka nikamshika asianguke.

— Alicheka? Daftari akasema. Kwa maneno ya Kiingereza?

— Ya Kiingereza. Marisela akatutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Kwani nani aliwaambia hasikii Kiingereza?

Mistari alimtazama Kokwa. Kokwa akamtazama Profe. Profe akanitazama mimi, nami nikalitazama birika.

— Daktari alisema... Daftari akaanza. Akaishia hapo. Daktari alisema kimemwondoka, na kwa wiki sita hatukuwahi kuuliza kama kiliondoka mdomoni au masikioni. Tulikwenda moja kwa moja kwenye jinsia ya paka.

— Siku ile alilia, Daftari akasema.

— Alilia kwa kuwa wewe hukumwelewa yeye, Marisela akasema polepole. Yeye wewe anakuelewa.

Daftari akasimama, akatazama saa.

— Saa nane bado, Mistari akamwambia.

— Naenda sasa.

Akapiga hatua tatu kuelekea pikapu yake, akarudi, akachukua daftari.

— Liache hilo, bwana, Profe akasema. Mwongeleshe Kiingereza, yaishe.

— Yeye atanijibu kwa Kijerumani, Profe.

Kokwa akaikusanya sentensi yote kwenye kiganja, pekani baada ya pekani, akaitia kwenye mfuko wa lile shati la harusi.

— Mpelekee. Mwambie kitenzi kililiwa na Eusebio. Anamjua, hatashangaa.

Daftari alishafungua mlango wa gari. Akasimama, mguu mmoja ndani, mmoja chini.

— Kokwa. Lile la baba yako. La supu. Linasemwaje?

Uso wa Kokwa ukawa mwekundu mpaka kwenye masikio. Alilisema kwa sauti ndogo, akitazama changarawe. Daftari akarudia. Kokwa akatikisa kichwa kukubali. Daftari hakuliandika. Akaondoka, dirisha limeshushwa, na kabla hajafika kwenye alama ya kusimama tuliona midomo yake inakwenda, inarudia, inakwenda.

Niliinamisha birika juu ya kikombe cha Mistari. Likatoa tone moja.

— Hilmar, Mistari akasema, macho bado barabarani. Alivyolisema, lilikuwa na makosa?

— Mawili.

— Mbona hukumsahihisha?

Kokwa akachukua pekani mpya, akaibana kati ya vidole.

— Baba alikuwa nayo hayohayo mawili.